Oili ya giaboksi: kilichotoka ndicho kipimo cha kinachoingia

Kati ya magari madogo yanayopanda vilima vya Igogo, Mwanza, kila jioni, mengi ni otomatiki, na mengi kati ya hayo yana oili ya giaboksi ambayo hakuna anayejua iliwekwa lini. Oili ya injini mwenye gari anaifuatilia. Kuna kadi inaning'inia karibu na usukani, imeandikwa kilometa za kurudi gereji. Giaboksi haina kadi. Inakumbukwa siku gari linapokataa kurudi nyuma, na siku hiyo mazungumzo huwa ya kutafuta giaboksi nyingine iliyotumika kutoka Japani. Lita 3 za oili hazina tena msaada hapo.

Namwandikia mwenye IST, Raum, Spacio au gari la aina hiyo, aliye na spana chache nyumbani na Jumamosi moja ya kutulia. Kazi hii unaiweza. Haitaki misuli wala vifaa vya gharama. Inamtaka mtu anayekubali kupima: apime kilichotoka, apime anachoweka, halafu apime tena gari likiwa limepata moto. Anayeharibu giaboksi kwa kubadilisha oili kwa kawaida anaiharibu hapo kwenye vipimo, au kwa kuipa oili isiyo yake.

Kwenye gari la gia za mkono, oili ya giaboksi inalainisha meno ya gia na kazi yake karibu inaishia hapo. Kwenye otomatiki, oili ndiyo inayobeba nguvu ya injini. Injini inazungusha upande mmoja wa toki konveta, oili inarushwa, upande wa pili unazunguka kwa kusukumwa na oili hiyo. Pampu inaipeleka oili hiyo hiyo kwenye vijia vyembamba vya valvu ili ibane klachi za gia moja na kuachia za gia nyingine. Kisha inabeba joto lote la kazi hiyo na kwenda nalo kwenye rejeta kupoa. Oili ikichoka, hakuna kilichobaki ndani mle kinachofanya kazi yake vizuri.

Joto ndilo linalochosha oili, na sisi tunaoishi kwenye vilima tunalitengeneza kwa wingi. Unaiacha Barabara ya Kenyatta, unaingia njia ya kupanda kati ya mawe, gari lina watu wanne na mizigo ya sokoni. Unapanda kidogo, unasimama kumpisha anayeshuka, unaondoka tena. Wapo wanaolishikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki. Muda wote huo oili inasagwa ndani ya toki konveta na kuzidi kupata moto huku gari halijasogea hata hatua moja. Kanyaga breki. Kwenye mlima mkali weka 2 au L mapema ili giaboksi isihangaike kubadili gia juu na chini. Na ukitaka kurudi nyuma, gari lisimame kabisa kwanza, ndipo uweke R.

Kwa matumizi haya nashauri oili ibadilishwe kila kilometa 40,000 hadi 60,000, na anayepanda kilima kila siku asiisogelee 60,000. Utaambiwa kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. ZF ya Ujerumani, inayotengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya yakiwemo ya BMW, inashauri oili ya giaboksi zake ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Huyo ni mtengenezaji mwenyewe. IST ya kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote inakaribia miaka 20. Hayo "maisha yote" yalikwisha zamani, na kilometa unazozisoma kwenye dashibodi huenda si zote ambazo gari limetembea.

Kuna kauli nyingine ambayo kila mwenye otomatiki ameisikia kwa fundi fulani: "Usiiguse hiyo, ukibadilisha oili giaboksi inakufa." Siidharau, kwa sababu aliyeisema ameliona likitokea. Mara nyingi linatokea hivi. Mtu anakaa na oili ile ile miaka kumi. Gari linaanza kukawia kuingia gia, injini inalia lakini gari haliendi, na hapo ndipo anapokumbuka oili. Klachi za ndani zimeshalika, na unga wake unaelea kwenye oili ya zamani. Oili mpya inaingia, wiki ya pili giaboksi inagoma, na lawama zote zinaangukia oili. Giaboksi hiyo ilikuwa inakufa kabla ya kopo kufunguliwa. Kwa hiyo, kama gari lako linaingia gia vizuri na halishtuki, badilisha bila hofu, ila kwa njia ya kumwaga na kujaza. Usikubali mashine ya kusukuma oili yote itoke kwa nguvu kwenye giaboksi ambayo haijaguswa miaka mingi. Kama gia tayari zinateleza, oili si dawa. Mtafute fundi wa giaboksi kwanza.

Kabla ya kununua chochote, chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi na udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Liache lienee. Oili yenye afya ina wekundu unaopitisha mwanga, na tone linasambaa bila kuacha masizi katikati. Iliyozeeka ni ya kahawia. Hiyo inahitaji kubadilishwa, na giaboksi bado ina nafasi. Nyeusi yenye harufu kali ya kuungua, inayoacha chembe katikati ya tone, inatoka kwenye giaboksi iliyokwisha kuumia. Ukiona rangi ya pinki iliyochafuka kama maziwa ya stroberi, usiwashe gari tena. Maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Kwenye magari mengi kipozeo cha oili ya giaboksi kiko ndani ya rejeta, na sisi tuna mazoea ya kujaza rejeta maji matupu ya bomba badala ya kuleanti. Kutu inatoboa ukuta wa kipozeo, oili na maji vinakutana, na klachi haziishi muda mrefu ndani ya maji. Anayetunza rejeta anatunza giaboksi pia.

Sasa ijue giaboksi yako, kwa sababu si kila otomatiki ni sawa. IST ya kwanza ina giaboksi ya gia nne iitwayo U340E, ina kijiti cha kupimia, na oili yake ni Toyota T-IV. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ninayoielekeza hapa. IST ya umbo jipya ya 2007, Vitz zilizoanza kutoka 2005, Honda Fit na X-Trail ya umbo la 2007 nyingi ni CVT. Hizo hazina gia za kawaida. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa mahususi ili mkanda usiteleze. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT, unaiharibu. Tazama kibati cha chuma chenye namba ya chasisi, mahali palipoandikwa TRANS/AXLE. Namba ya hapo ndiyo utakayompa muuza spea. Maneno ya jirani mwenye gari la rangi kama lako hayatoshi.

Subaru za gia nne nazo zina jambo lake. Difu ya mbele ina oili yake peke yake, na kijiti chake peke yake, mbali na oili ya giaboksi. Kwa hiyo chini kuna sehemu mbili za kumwagia, na anayefungua moja kisha akajaza nyingine ameharibu vyote viwili. Na kuna giaboksi zisizo na kijiti kabisa, kama za Prado mpya mpya. Hizo hupimwa kwa kufungua boliti ya chini injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kwenye nyuzi joto maalumu zinazosomwa kwa mashine ya uchunguzi. Kama huna mashine hiyo, mpelekee aliye nayo.

Dukani ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua. Mteja anaingia: "Kaka, nipe haidroliki ya giaboksi." Kijana anachukua kopo lolote lenye oili nyekundu. Wekundu ni rangi tu inayotiwa ili uvujaji utambulike. Haikuambii chochote kuhusu kazi ya oili hiyo. Haidroliki ya stelingi, Dexron, T-IV na WS za Toyota, zote zinaweza kuwa nyekundu. Dexron III iko kwenye rafu kila duka, ingawa General Motors, mwenye jina hilo, aliacha kutoa leseni zake mwishoni mwa 2006. Anayeandika Dexron III kwenye kopo leo hana anayemkagua. Usiombe haidroliki. Taja jina: "Nataka T-IV." Likiwa kopo la kampuni nyingine, geuza upande wa nyuma utafute maandishi T-IV au JWS 3309, ambacho ndicho kiwango chake. Kwa magari yanayotaka WS, tafuta WS au JWS 3324. WS ni nyepesi zaidi, usizibadilishe kiholela. Kwenye kijiti cha Toyota nyingi aina ya oili imechongwa pale pale kwenye chuma. Kipanguse, ukisome juani. Kagua pia kizibo na lakiri ya kopo, kwa kuwa oili bandia zipo, na usinunue oili ya giaboksi ya kupimiwa kwenye chupa. Kopo moja la lita 4 linatosha raundi moja na linabakiza akiba. Nunua na washa mpya ya boliti.

Halafu inakuja shida ambayo vitabu vya gari havikuiandikia Igogo: ardhi tambarare. Gari lililoinama linamwaga oili pungufu na kijiti chake kinadanganya. Kama uwanja wa kwako umelalia kilima, usifanye kazi hapo. Omba nafasi kwa ndugu au rafiki anayekaa chini karibu na lami, penye sakafu ngumu iliyolala sawa. Chagua siku isiyo na mvua, maana mdomo wa kijiti utakuwa wazi.

Kuhusu kuingia chini ya gari nitakuwa mkali. Jeki ni ya kuinulia. Haijatengenezwa ili mtu alale chini yake. Tofali linapasuka bila kutoa taarifa, na jiwe, hata hili graniti letu la Mwanza lililobeba nyumba zetu, linateleza juu ya jiwe. Tumia stendi za chuma mbili chini ya sehemu imara za bodi, au nenda kwenye gereji yenye shimo uombe kulitumia kwa muda. Mawe yana kazi moja tu hapa: kuzuia matairi ya nyuma, mbele na nyuma yake. Handibreki juu, gia P, kisha sukuma gari kwa mkono kabla hujaingia. Likitikisika, shusha upange upya. Ukiinua mbele peke yake, gari limeshainama. Inua na nyuma pia, au ukishamwaga lishushe kidogo lilale sawa, oili itiririke mpaka mwisho.

Gari liwe la vuguvugu, limezimwa nusu saa hivi. Likiwa la moto sana, oili inaunguza mkono kabla hujauondoa. Chini, upande wa abiria, utaiona sampu ya giaboksi. Boliti yake ya kumwagia ina tundu la pembe sita, inafunguliwa kwa alenki ya milimita 10. Ya injini, upande wa dereva, ina kichwa cha kawaida cha spana 14. Tofauti hii ndogo ndiyo inayotenganisha Jumamosi njema na hasara: akimwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha akajaza oili mpya kwenye injini, mtu anaondoka na injini iliyofurika na giaboksi kavu. Ukishamwaga, kabla ya kujaza chochote, chomoa kijiti cha injini. Oili yake ikiwa pale pale ilipokuwa, umefungua panapostahili.

Weka beseni safi na kavu, legeza, iache oili ishuke mpaka ibaki matone. Zitatoka lita 3 hivi. Nyingine, karibu kiasi hicho hicho, inabaki ndani ya toki konveta na kwenye mabomba, na ndivyo ilivyo kwa njia hii. Safisha boliti, weka washa mpya, rudisha kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa alenki kwa nguvu ya wastani. Sampu ni ya bati na meno yake hayavumilii ubabe.

Sasa kipimo, ambacho ndicho kazi yenyewe. Tafuta chupa tupu za maji za lita moja na nusu, zilizokauka kabisa, za aina moja. Mimina oili chafu ndani yake kutoka kwenye beseni, uzipange mezani, na uweke alama ya kalamu ya wino mzito mahali oili ilipofika. Chukua chupa nyingine za aina ile ile, mimina oili mpya mpaka usawa wa alama zile zile. Hicho ndicho utakachorudisha, bila kuongeza. Kama kabla ya kumwaga kijiti kilionyesha upungufu, kumbuka hilo, utalirekebisha baadaye gari likiwa la moto. Ukijaza kupita kiasi, sehemu zinazozunguka zinaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halibani klachi. Ukipunguza, pampu inavuta hewa. Matokeo yake yanafanana: gia zinateleza na klachi zinaungua.

Unamimina kupitia mdomo ule ule wa kijiti, kwa faneli yenye mrija mrefu mwembamba. Nenda polepole. Futa kuzunguka mdomo huo kabla ya kuanza, na utumie kitambaa kisichoacha nyuzi. Yale mabaki ya vitambaa vya kushona tunayofutia injini yasikaribie hapa, kwa maana uzi mmoja unaweza kukwama kwenye valvu nyembamba kuliko unavyodhani.

Washa injini, mguu ukiwa kwenye breki. Pitisha gia taratibu kutoka P hadi L, ukitulia sekunde chache kila moja, kisha rudi P. Chungulia chini kama kuna tone. Pima kwenye alama za COOL upate uhakika wa mwanzo, kisha liendeshe gari. Kutoka Igogo mpaka Nyegezi na kurudi kunatosha kuipasha oili moto. Kipimo cha kweli kinataka nyuzi 70 hadi 80. Rudi pale pale palipolala sawa. Kwenye Toyota unapima injini ikiwa inawaka, gia ikiwa P: chomoa kijiti, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Soma pande zote mbili, uamini ulio chini. Oili ikae kati ya alama mbili za HOT. Ikipungua, ongeza kwa kikombe kidogo, si kwa kopo. Kwenye Honda unapima injini ikiwa imezimwa punde tu. Anayepima Honda kwa desturi ya Toyota anapata jibu la uongo.

Kwa kuwa nusu ya oili ya zamani bado imo, rudia kazi hii baada ya kilometa elfu moja au mbili. Ukichukulia kwamba kila raundi inatoa nusu, raundi ya pili inakufikisha kwenye robo tatu ya oili mpya, na ya tatu karibu tisa kwa kumi. Kwa gari lililokaa miaka bila kubadilishwa napendelea sana mwendo huu wa pole. Filta ya giaboksi hizi ni wavu wa chuma na inaweza kusubiri. Siku fundi atakapofungua sampu, simama naye utazame sumaku za ndani. Ute laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si vya kawaida, na usikubali afunge kabla hajakueleza vimetoka wapi.

Zile chupa zenye oili chafu zifunge vizibo, uzipeleke gereji inayokusanya oili chafu kwenye mapipa. Igogo ni kilima kinachoishia ziwani. Ukimwaga mtaroni leo, mvua ya kesho inaishusha mpaka kwenye maji, na maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo, Capri Point na Butimba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kutupa taka hatarishi ovyo, lakini hata isingekuwepo, watoto wetu wanaogelea pale na samaki wetu wanatoka pale. Lita 3 ni nyingi mno kwa ufukwe.

Kisha chukua karatasi, uandike tarehe, kilometa, jina kamili la oili na kiasi ulichoweka, uibandike ndani ya boneti kwa selotepu pana. Kiangalie kijiti tena baada ya wiki, gari likiwa la moto, na asubuhi moja kabla ya kuondoka utazame sakafu chini ya sampu kama ni kavu.